Mbili bila, tatu kwa moja: timu ya kikapu inarudije katika mchujo?

Mechi ya fainali ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ikianza saa mbili na nusu usiku kule New York, Lubumbashi ni saa nane na nusu usiku. Zile za mchujo zinazochezwa upande wa magharibi mara nyingi hutukuta saa kumi alfajiri. Wengi wetu basi tunasoma matokeo asubuhi kwenye simu, kabla ya chai: mbili bila, tatu kwa moja. Kutoka Katuba hadi Kamalondo ubishi unaanza hapo hapo. Huyu anasema imeisha, yule anasema bado, na kila mmoja ana mfano wake wa mwaka fulani.

Ubishi huo haufiki popote kwa sababu hesabu ya ushindi inaonyesha nani kashinda mara ngapi, basi. Timu iliyofungwa mara mbili kwa sababu mpinzani alikuwa na bahati ya mitupo ya mbali na timu iliyofungwa mara mbili kwa sababu senta wake, yule mrefu wa kulinda kikapu, hawezi kukimbizana na watu nje ya eneo la chini ya kikapu, zote zimeandikwa 0-2. Ya kwanza ina afya. Ya pili ni mgonjwa, na itaendelea kuugua mpaka kocha aguse palipo na kidonda.

Tuanze na hesabu tupu. Mfululizo wa mchujo wa NBA ni wa mechi saba, na wa kwanza kufikisha ushindi wa nne anapita. Chukua timu mbili zilizo sawa kabisa, kila mechi nusu kwa nusu. Aliye nyuma 0-1 ana nafasi ya asilimia 34 hivi ya kupita. Aliye nyuma 0-2 anahitaji kushinda nne kati ya tano zilizobaki, na hiyo ni asilimia 19 karibu. Nyuma 1-3 ni asilimia 12.5, nyuma 0-3 ni 6.25. Sasa shusha nafasi yake ya kila mechi kutoka 50 hadi 40 kwa mia: 0-2 inaanguka hadi asilimia 9 hivi, 1-3 hadi 6, na 0-3 inakaribia 2.6. Ipandishe hadi 60 kwa mia, na 0-2 inakuwa asilimia 34. Kwa hiyo kazi ya kocha aliye nyuma ni moja: kuipandisha ile nafasi ya mechi moja. Akiiacha ilivyo, ari na nyimbo za mashabiki hazitamvusha.

Mahali pa kupoteza pia pana uzito. Ratiba ni mbili kwangu, mbili kwako, kisha moja moja kwa zamu, na mwenye rekodi bora ya msimu ndiye anayeanza nyumbani. Tuseme mwenyeji hushinda mara 60 kwa 100. Timu iliyopoteza mbili za kwanza ugenini sasa ina mechi tatu za nyumbani kati ya tano zilizobaki, na nafasi yake ni asilimia 21 hivi. Iliyopoteza mbili za kwanza nyumbani kwake imebakiwa na tatu za ugenini, na nafasi inashuka hadi 16. Alama ni ileile, 0-2, lakini hali ni mbili tofauti. Ndiyo maana naona 0-2 ya ugenini ni jambo la kawaida kabisa: mwenyeji amelinda nyumba yake, basi. Katika fainali za NBA hadi mwaka 2025, timu tano zimetoka 0-2 na kuchukua ubingwa: Boston 1969, Portland 1977, Miami 2006, Cleveland 2016 na Milwaukee 2021. Zote tano zilianza ugenini.

Kitu cha pili ni kutenganisha bahati na udhaifu, na hapa ndipo mashabiki wengi, hata makocha, wanapotea. Timu inayopiga mitupo 35 ya pointi tatu kwa mechi, na kufunga asilimia 36, inategemewa kupata kama 12 au 13. Lakini kupanda au kushuka kwa mitatu hivi ni jambo la kila siku, hata kama wachezaji, nafasi na mapumziko havijabadilika. Hizo ni pointi nane au tisa kwenda upande wowote. Ukifungwa kwa pointi sita usiku ambao mpinzani amefunga 17 kati ya 35, usibomoe timu yako. Tazama kwanza mitupo hiyo ilitoka wapi. Kama ilipigwa mkono ukiwa usoni, saa ya sekunde 24 za shambulio ikielekea kwisha, mwache aendelee. Mechi ijayo itamkataa. Kama ilipigwa kwenye kona, mita 6.70 kutoka kikapuni badala ya 7.24 za katikati ya tao la pointi tatu, na mpigaji alikuwa peke yake akipanga miguu, hiyo haikuwa bahati. Kuna mlinzi wako anayevutwa ndani kila mara, na mpinzani ameshajua ni nani.

Baada ya mitupo, hesabu vitu vitatu tu: mipira mliyoipoteza, rebaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) za chini ya kikapu cha mpinzani, na mitupo huru ya faulo. Timu za NBA hupata pointi moja na kidogo kwa kila shambulio. Mpinzani akikuzidi mashambulio sita kwa sababu ulipoteza mipira na kuacha rebaundi, amejipatia pointi sita au saba kabla ya kuzungumza habari ya ustadi wa kufunga. Mashambulio hayo ndiyo rahisi kuyarudisha kati ya mechi na mechi, kwa sababu yanategemea nafasi ya mwili na uamuzi, ambavyo vinafundishika kwa siku moja. Mkono mbovu wa mpigaji haufundishiki Jumanne ukapona Alhamisi.

Sasa kurudi kwenyewe. Ukitazama mifululizo iliyogeuka kweli, mara nyingi unakuta badiliko moja dogo: nani anamkaba nani.

Mwaka 2012, San Antonio walikuwa wameshinda mechi 20 mfululizo walipofikisha 2-0 dhidi ya Oklahoma City. Injini yao ilikuwa Tony Parker, anayepokea skrini, yaani mwenzake kumzibia mlinzi njia, katikati ya uwanja na kuamua kila kitu. Mechi ya tatu, kocha Scott Brooks akampa Thabo Sefolosha, mrefu mwenye mikono mirefu, kazi ya kumkaba Parker. Sefolosha alipora mipira sita, Oklahoma City ikashinda 102-82. Katika mechi ya nne San Antonio waliendelea kuwaziba wafungaji wakubwa, na Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville ng'ambo ya mto, akaachwa wazi kwenye mitupo ya mita tano. Alifunga 11 kati ya 11, pointi 26. Mfululizo ukaisha 4-2. Timu ilikuwa na wachezaji walewale waliofungwa mara mbili. Kilichobadilika ni kazi ya mtu mmoja, na ilipofungwa njia moja mpinzani akalazimika kuacha nyingine.

Toronto walifanya vilevile 2019. Walikuwa nyuma 0-2 kwa Milwaukee, na mechi ya tatu wakamhamishia Kawhi Leonard kwa Giannis Antetokounmpo. Giannis alimaliza na pointi 12, akifunga 5 kati ya 16, akatolewa kwa faulo sita. Leonard alicheza dakika 52, maana mechi ilienda nyongeza mbili, na Toronto wakashinda 118-112. Wakashinda nne mfululizo, kisha wakachukua ubingwa. Kumbuka gharama ya dawa hiyo: mfungaji wako mkuu ndiye anayebeba mzigo mzito wa ulinzi pia. Inawezekana kwa mtu mwenye mwili wa Leonard. Kwa wengine wengi robo ya nne inawakuta miguu imekufa, na mitupo yao inaanza kugonga ukingo wa mbele wa ringi.

Njia ya pili ni kubadili watano wa kwanza. Fainali za 2015, Golden State walikuwa nyuma 1-2. Steve Kerr alimtoa senta Andrew Bogut akamwanzisha Andre Iguodala, wakacheza bila mrefu halisi. Cleveland walianza mechi ya nne kwa 7-0, na ukiisimamisha picha hapo ungesema kocha ameharibu. Golden State wakashinda 103-82, hawakupoteza tena, na Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali. Naitaja ile 7-0 makusudi. Kocha asiyeweza kuvumilia dakika tatu mbaya hataligusa badiliko lolote, na asipoligusa atafungwa kwa njia ileile aliyofungwa juzi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Clippers wa Los Angeles, 2021, kwa sababu unaonyesha kidonda na mkono wa daktari kwa wakati mmoja. Walikuwa nyuma 0-2 dhidi ya Utah. Utah walikuwa na Rudy Gobert, mlinzi bora wa ligi mwaka ule, na ulinzi wao wote ulijengwa juu ya jambo moja: Gobert anabaki karibu na kikapu, wengine wanamsukumia washambuliaji humo. Kocha Ty Lue akaweka watu watano wote wanaoweza kupiga pointi tatu, akamwacha Gobert bila senta wa kukaba. Gobert akabaki na kumkaba mmoja wa wale wanaosimama kwenye kona. Sasa mwenye mpira akiingia ndani, Gobert ana mambo mawili mbele yake: abaki na mtu wake wa kona, njia ya kikapu iwe wazi, au asogee kuzuia, pasi iende kona. Alisogea, maana ndivyo alivyofundishwa maisha yake yote. Mechi ya sita, Terance Mann wa kona ile alipiga pointi tatu mara 10, akafunga 7, akamaliza na 39. Clippers walikuwa nyuma kwa pointi 25, Kawhi Leonard, aliyekuwa amehamia kwao, ameumia tangu mechi ya nne, na bado walishinda 131-119 na kupita 4-2. Raundi iliyotangulia walikuwa wamewatoa Dallas baada ya kupoteza mbili za kwanza nyumbani kwao wenyewe. Ty Lue huyohuyo ndiye aliyekuwa kocha wa Cleveland 2016.

Lakini mpinzani naye ana kocha, na hilo ndilo linalosahaulika asubuhi ya 2-2. Mtoto wa Lubumbashi, Bismack Biyombo, alitufundisha hilo mwaka 2016. Toronto walikuwa wamepigwa na Cleveland mara mbili, 115-84 na 108-89. Senta wao wa kwanza, Jonas Valančiūnas, alikuwa na jeraha la kifundo, ndipo Biyombo akaanza. Mechi ya tatu alidaka rebaundi 26, rekodi ya Toronto katika mchujo, na bloku nne, yaani mitupo aliyoizuia hewani. Yeye hakuwa mfungaji, alimaliza na pointi saba, lakini tazama rebaundi 26 zinafanya nini: mpinzani anapiga mara moja tu na shambulio limekwisha, na kila anayeingia ndani anatafuta kwanza Biyombo yuko wapi kabla ya kutafuta kikapu. Toronto wakashinda 99-84, kisha 105-99. Mbili kwa mbili. Cleveland, walioshinda mechi zao zote kumi za mchujo kabla ya hizo mbili, walionekana wameguswa.

Mechi ya tano ikarudi Cleveland. Kevin Love, aliyekuwa amekosa mitupo mingi Toronto, alifunga 25, na mrefu wa Toronto akilazimika kumfuata mpigaji nje, rebaundi zinakuwa mbali naye. Cleveland wakashinda 116-78, na ya sita 113-87. Kwenye ile 2-2 Toronto walikuwa wamelinda nyumba yao tu, na mzani ukarudi pale ulipokuwa kabla ya mechi ya kwanza, huku Cleveland akiwa na mbili kati ya tatu zilizobaki nyumbani. Timu iliyotoka 0-2 hadi 2-2 bila kushinda ugenini bado inadaiwa, na itadaiwa hadi ishinde moja huko.

Majeraha na adhabu, niyapitie haraka, kwa kuwa hayapangwi. 2016 Golden State waliwaongoza Cleveland 3-1, kisha Draymond Green akakosa mechi ya tano kwa kusimamishwa, na Bogut akaumia katika mechi hiyohiyo. LeBron James na Kyrie Irving walifunga 41 kila mmoja usiku ule. Cleveland wakashinda ya saba 93-89, na hiyo ndiyo mara pekee timu imetoka 1-3 katika fainali. 2014 ilikuwa kinyume: Ibaka akiwa nje na jeraha la mguu, San Antonio walifunga pointi 66 ndani ya eneo mechi ya kwanza, aliporudi mechi ya tatu, Oklahoma City wakashinda mbili, ingawa mwisho walitolewa 4-2. Ukiwa nyuma na mtu wako mkubwa anarudi, futa mechi alizokosa kichwani mwako unapokadiria.

Nyuma 1-3, timu 13 zimewahi kurudi katika historia ya NBA hadi msimu wa 2024-25. Denver walifanya mara mbili mwaka mmoja, 2020, dhidi ya Utah na Clippers, kwenye viwanja vya Florida bila mashabiki, ambako hakukuwa na ugenini wala nyumbani. Hilo la mwisho si dogo: lile deni la kushinda kwenye nyumba ya mwingine lilikuwa limefutwa kwa wote.

Nyuma 0-3, hakuna hata mmoja. Timu zaidi ya 150 zimefika hapo. Kama mechi zingekuwa kurusha sarafu, tungetegemea kama tisa au kumi zirudi. Sifuri hiyo inaonyesha kwamba anayefungwa tatu mfululizo si sawa na mpinzani wake, na mara nyingi ameshafungua kila mlango aliokuwa nao. Nne tu zimefikisha mechi ya saba: New York 1951, Denver 1994, Portland 2003, Boston 2023. Denver wale walikuwa na Dikembe Mutombo wetu. Raundi ya kwanza, ya mechi tano, walitoka 0-2 wakawatoa Seattle, timu ya ushindi 63, na Mutombo akapiga bloku 31 katika mechi hizo tano. Picha yake akiwa amelala chini, ameukumbatia mpira kwa mikono miwili, Wakongo wengi wanaijua. Raundi iliyofuata wakawa nyuma 0-3 kwa Utah, wakashinda tatu, wakapoteza ya saba ugenini. Boston 2023 walikuwa na ya saba nyumbani, baada ya Derrick White kuokoa ya sita dhidi ya Miami ikiwa imebaki sehemu ya kumi ya sekunde. Jayson Tatum akateguka kifundo kwenye shambulio la kwanza la mechi ya saba, Boston wakafunga 9 tu kati ya 42 za pointi tatu, wakafa 103-84. Siku moja mtu ataivunja rekodi hiyo, hesabu yenyewe inaruhusu. Nikiulizwa leo kuhusu timu fulani iliyo nyuma 0-3, jibu langu ni hapana.

Kwa wanaofundisha timu za vijana kwenye viwanja vya saruji huku kwetu, haya yote yanatumika, ila kipimo ni kifupi. Mfululizo wa mechi tatu haukupi nafasi ya kujaribu: ukipoteza ya kwanza, timu sawa na wewe inakuacha na asilimia 25. Mchezaji anatoka kwa faulo tano, si sita. Mechi ni dakika 40, yaani dakika 200 za wachezaji za kugawa, na watano wako bora wakicheza 36 kila mmoja zimebaki 20 tu za benchi. Kwenye jua la saa tisa mchana, mwezi wa kumi, usijaribu 36 kwa mtu anayemkaba mfungaji wao mkuu. Mpe 30, na umpumzishe mwishoni mwa robo ya kwanza na ya tatu, ili mapumziko ya robo yaongeze muda wake wa kukaa.

Mechi ya kwanza, mweke mtu mmoja mwenye daftari asiyeshangilia. Aandike kila kikapu cha mpinzani: kimetoka wapi uwanjani, na nani wetu alikuwa anakaba. Jioni hesabu. Mara nyingi utakuta nusu ya pointi zao zinapita kwa mlinzi mmoja au wawili, na si wale unaowalaumu. Chagua badiliko moja: hamisha mlinzi, au mbele ya skrini waambie wabadilishane watu badala ya senta kushuka nyuma. Lipitie kwa kutembea, polepole, dakika 20, watano kwa watano, mpaka kila mmoja aseme kwa sauti anakwenda wapi. Kosa linaloua badiliko hili ni ukimya: wawili wanabadilishana, wa tatu hajasikia, mtu anabaki wazi chini ya kikapu. Usiongeze la pili siku hiyo.

Siku ya mechi ya pili lipe dakika sita. Hesabu ni mitupo mingapi ya wazi mpinzani amepata kutoka mahali palepale, wala usitazame ubao wa pointi. Ikiwa imebaki mingi kama juzi, omba taimauti papo hapo na urudi kwenye ukabaji wa zamani au ujaribu zoni, kila mlinzi alinde eneo lake badala ya mtu. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, una taimauti mbili katika nusu ya kwanza, na usizozitumia hapo hazihamii nusu ya pili.